Fundi Spoku na Miguu ya Mkewe

Kuna waume wanaoona wivu wakipata sababu. Fundi Spoku alikuwa na wivu kwanza, sababu akazitafuta baadaye. Mkewe akicheka na muuza nyanya, atauliza nyanya zimekuwa kichekesho tangu lini. Mkewe akijifukiza manukato kwenda msibani, atauliza marehemu alikuwa nani hasa. Wivu ni kidonda, wamesema wenyewe, na yeye chake alikuwa hakipi nafasi ya kukauka.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mke anayetembea kwa mashindano. Sikukosea, ni kutembea, si kukimbia. Mchezo wenyewe una sheria mbili tu. Ya kwanza, mguu mmoja lazima uwe umegusa chini wakati wote. Ukionekana unaelea hewani, umekosa. Ya pili, goti la mguu unaotangulia linyooke tangu kisigino kinapogusa barabara. Ukitaka kwenda kasi ndani ya sheria hizo, huna budi kukizungusha kiuno. Na kiuno kikizunguka barabarani asubuhi, jamani, watu wana macho.

Mwanamke huyu alikuwa dobi wa hospitali. Siku moja, kwenye michezo ya wafanyakazi, timu yao ikakosa mtu wa kutembea. Wakamsukuma yeye kwa sababu alikuwa na raba miguuni. Akawaacha wenzake nyuma mpaka waamuzi wakadhani amepita njia ya mkato. Miaka haikupita mingi, dobi alikuwa anapanda ndege na timu ya taifa. Safari ya kwanza alirudi na kikohozi. Ya pili alirudi wa nne. Ya tatu alirudi na medali ya shaba shingoni, na mtaa mzima ukambatiza Mama Mwendo. Watoto wakawa wanamfuata nyuma wakikatika viuno, yeye anacheka, kisha kesho yake yuko palepale kwenye mashine za shuka.

Aliyekuwa hacheki ni mumewe. Karakana yake ya baiskeli ilipakana na kibanda cha muuza vocha, na yule bwana alikuwa na mdomo usiojua kufungwa.

"Fundi, mkeo kiuno kimelegea nati," atamwambia. "Na spana zote hizo, umeshindwa kukaza?"

Fundi Spoku atalipiga tairi nyundo mahali pasipohitaji nyundo.

Hata hivyo alivumilia, maana kocha wa kwanza alikuwa mzee wa watu, haoni vizuri, anafundisha kwa kusikiliza vishindo vya miguu. Mzee alipostaafu akaja kocha mpya. Lo! Mwanamume wa makamo, sauti nzito, meno yote kinywani, hana mke. Na namna yake ya kufundisha ni kumfuata mwanafunzi kwa baiskeli. Si kwa mbele, si kwa ubavuni. Kwa nyuma! Macho kwenye kiuno, magoti na visigino, kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho, huku akipaza sauti: "Kiuno! Goti! Kisigino!" Wanaume wengine huwatazama wake za watu kwa kuiba. Huyu alikuwa analipwa mshahara.

Tena akimwona Fundi Spoku, anamwita shemeji.

"Shemeji kwa nani?" Fundi alikuwa akinung'unika. "Dada yake ni yupi hapa?"

Basi ikafika siku baiskeli ya Kocha ikaanza kukoroma gurudumu la nyuma, na fundi wa kutegemewa mtaa ule alikuwa mmoja. Akaikokota mpaka karakana.

"Shemeji, niokoe. Mkeo ana mashindano ya mchujo, na bila baiskeli siwezi kumfuata."

Fundi Spoku akalizungusha gurudumu, akatega sikio kama daktari. Tatizo aliliona papo hapo: gololi za ekseli zimekwisha. Gololi mpya alikuwa nazo, tele, ndani ya droo mkono wake ulipokuwa umeegemea.

"Hii kazi," akasema, "inataka kipuri kiagizwe."

Jioni akamaliza kuitengeneza, maana mikono ya fundi haipendi kitu kibovu, kisha akaifunika turubai. Kila Kocha alipokuja kuuliza, kipuri kilikuwa njiani. Njia gani hiyo isiyo na mwisho, hakusema.

Usiku wa siku ile baiskeli ilipoletwa akamwambia mkewe, "Usihangaike na baiskeli ya Kocha. Nitakufuata mimi."

Mkewe akaacha kukunja nguo. "Wewe? Na karakana?"

"Karakana itafunguliwa saa ya kufunguliwa."

Mke akatabasamu tabasamu ambalo Fundi hakuwa ameliona tangu wahamie nyumba ile. Akajisifu moyoni: mambo si hayo!

Wakaanza. Kila alfajiri mke mbele anatembea, mume nyuma anakanyaga pedeli, na Fundi Spoku akawa mtu mwenye raha zake. Sasa alikuwa anaona kila kitu. Mlinzi wa benki alikuwa anasimama kila wanapopita; akamkodolea jicho mpaka mlinzi akajifanya anakagua kufuli. Dereva wa lori akapiga honi. Fundi akamfukuza kwa matusi hadi kwenye taa za barabarani. Kijana mmoja mkimbiaji alimsalimia mkewe mara mbili katika wiki moja. Huyo alimwekea alama.

"Mguu wa kushoto ukoje?" mkewe alikuwa akimuuliza wakirudi.

"Safi kabisa."

"Nikichoka hauinuki? Niambie kweli."

"Nimesema safi, mke wangu. Unatembea kama saa."

Naye mke alimwamini, kwa kuwa mwenye kutembea hawezi kuiona miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana makocha wakaumbwa.

Mchujo ukafika. Mshindi wa siku hiyo anakwenda mashindano ya dunia, na Mama Mwendo alijua hana mchujo mwingine. Magoti yalikwisha kumwambia. Akaanza vizuri, akawatangulia wenzake, umati unapiga makofi. Fundi Spoku yuko kando ya kamba, anahesabu wanaume wanaopiga makofi kupita kiasi.

Kisha kwenye ubao wa waamuzi, mbele ya namba ya mkewe, ikatokea alama nyekundu. Mwamuzi mmoja amemwona anaelea. Mzunguko uliofuata, mwamuzi wa pili. Ikitimia ya tatu, umetoka. Mkewe aliuona ubao, akapunguza kasi, uso umemkauka, akawa anatembea kama mtu anayebeba maji yasimwagike. Haikusaidia. Mwamuzi mkuu akaingia barabarani, akamwinulia kadi nyekundu.

Fundi akaruka kamba. "Mna chuki na mke wangu! Mmeona nini nyie?"

Aliyemshika mkono ni Kocha. "Shemeji, tulia. Mguu wa kushoto ulikuwa unaelea, hata mimi nimeuona toka huku. Ulianza lini?"

Fundi Spoku akauchomoa mkono wake, akamfuata mkewe.

Nyumbani mke aliketi kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hakulia. Mume akazunguka chumbani akiwatukana waamuzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakamwishia.

"Kaa," mkewe akasema. Akakaa. "Kesho mpelekee Kocha baiskeli yake."

"Kipuri bado..."

"Baba, acha. Niliikuta chini ya turubai siku ya pili yake, pale karakana. Nikalizungusha gurudumu, linazunguka kama jipya."

"Mbona hukusema?"

"Nilifurahi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ndiyo, mjinga mimi, nilifurahi. Medali ya shaba nimeileta humu ndani, ukaniuliza nani alinivisha. Kila shindano unakuja, unawatazama wanaonitazama. Nikasema moyoni, acha baiskeli ikae. Akiwa nyuma yangu kila asubuhi, atanitazama mimi, hata kwa wivu wake huo. Mwenye wivu ana jicho kali, nikasema, ataona kuliko Kocha." Akamgeukia. "Sasa niambie. Siku zote zile ulikuwa nyuma yangu. Ulikuwa unaangalia nini?"



"Watu," akasema.

Mkewe akaitikia kwa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyeulizia duka akaambiwa limefungwa. Fundi Spoku akashindwa kumtazama usoni, akainamisha macho kwenye beseni. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto ulikuwa mweusi, umevimba, nusu yake imeng'oka. Hakujua umeanza kuuma lini, na hakuthubutu kuuliza.