Dirisha la Tisa

Saa moja asubuhi, jikoni mwa nyumba kuukuu, fundi amepiga magoti juu ya kaunta mpya na anabandua turubai lililoziba tundu la dirisha kwa siku kumi na mbili. Mwanga unamwingia usoni. Anakunja uso, anapangusa jicho la kushoto kwa mgongo wa mkono, kisha anakaa kidogo. Magoti yake, anasema, siku hizi yanaamka baada yake.

Mafundi wenzake wanamwita Tatu-Tatu, na jina hilo hakupewa bure. Nyumba za zamani hazina ukuta ulionyooka. Zimeshalalia upande kama mzee aliyesinzia kitini. Kwa hiyo yeye hupima upana wa dirisha mara tatu, juu, katikati na chini, akachukua kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Ndicho anachokiandika kwenye karatasi ya mkata fremu. Kwa miaka thelathini na moja ameng'oa madirisha ya mbao yaliyoliwa na mchwa na kuweka ya aluminiamu, na hakuna fremu iliyowahi kumrudia. Mpaka mwezi huu.

Nyumba hii ni ya nesi mstaafu aliyeirithi kwa wazazi wake. Madirisha yote tisa yalikuwa hayafungiki. Jikoni sinki lilikuwa na ufa, na milango ya makabati imevimba kwa unyevu. Mama huyo akampa Tatu-Tatu kazi nzima. Madirisha manane yaliingia vizuri. La tisa, hili la jikoni, likaja dogo. Lilipowekwa kwenye tundu lilibaki likicheza, na pengo lake linaingia vidole vitatu.

"Nilijua palepale," anasema. "Chini palikuwa sentimita mia moja na kumi na nane, mimi nikasoma mia moja na kumi na tatu. Tatu na nane siku hizi naziona kulwa na doto. Nikasema ukuta umebonyea, basi. Na kanuni yangu ni kuchukua kidogo. Nikakichukua."

Kosa lingeishia hapo, lingekuwa dogo. Lakini nesi alipouliza kulikoni, Tatu-Tatu alijikuta anajibu kwamba mkata fremu amekosea. Huyo mkata fremu ni rafiki yake tangu walipokuwa vijana wakibeba mchanga pamoja, na karatasi yenye vipimo, kwa mwandiko wa Tatu-Tatu mwenyewe, bado imetungikwa kwenye msumari kiwandani kwake. Alipopata habari hakugomba. Aliuliza kipimo kipya, akaanza kukata upya kwa aluminiamu yake.

"Angenitukana ningepumzika," anasema Tatu-Tatu.

Kilichomsukuma kusema uongo ni hofu, wala hafichi. Zamani alikuwa akipata nyumba tatu kwa mwezi. Mwaka huu, tangu uanze, amepata nne tu. Fundi ni macho na jina, anasema, na macho yakienda, jina linafuata. Kwa hiyo tangu kosa hilo mkewe ndiye anayekuja naye kazini kumsomea tepu ya kupimia. Majirani wanawatania kwamba uzeeni ndio wameanza kupendana.

Mkewe anacheka utani huo, lakini cheko lake limechoka. Kwao nyumbani dirisha la jikoni ni tundu lililozibwa kwa bati, mwaka wa kumi na moja sasa. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na mke wa kinyozi ndiye anayeziona nywele kila siku. Usiku aliposikia habari ya mkata fremu alimwambia mumewe jambo moja tu, kwamba njia ya mwongo ni fupi, akageukia ukutani akalala.

Saa tatu mkata fremu anaingia na fremu mpya begani. Nesi anatokea mlangoni na kumuuliza, kwa upole, kama leo amekata sawasawa. Mwanamume mtu mzima yule anainamisha macho na kujibu kwamba amejitahidi.

Hapo Tatu-Tatu anaweka bisibisi chini.

"Mama, huyu hakukosea. Nilikosea mimi. Macho yangu hayasomi, nikamsingizia."

Nesi anasema amefanya kazi hospitali miaka thelathini, hajawa kipofu. Tangu wiki ya kwanza amemwona akiipindia tepu kichwa kama kuku anayetafuta punje. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," anasema. Anamsogeza penye mwanga, anamtazama jicho. Anadhani ni mtoto wa jicho, na kama ndiye, hutibika, ila daktari ndiye wa kusema.

Mkata fremu yeye hatoi hotuba. "Haya, shika upande huo," anasema, na wanainyanyua pamoja. Mke wa Tatu-Tatu, aliyefuatana naye leo pia, anasoma vipimo kwa sauti, juu, katikati, chini. Fremu inaingia, na kiputo cha pimamaji kinatulia katikati. Tatu-Tatu anaegemea kaunta na kufumba macho. Ana machozi, na hayafichi.

Akiulizwa sasa anataka nini, anasema Jumatatu ataenda kliniki ya macho, safari aliyoikwepa miaka miwili. Kisha anaelekeza kidole kwenye fremu ile ndogo iliyoegemezwa ukutani. Anataka kuipeleka nyumbani, aling'oe bati Jumapili hii hii.

Mkewe anatikisa kichwa.

"Miaka kumi na moja nimepika gizani," anasema. "Siku nikiwekewa dirisha, nataka aliyeniwekea alione. Bati lingoje macho yako."

Tatu-Tatu anamkabidhi tepu, naye anaikunja na kuitia mkobani.