Mbavu za Kristo wa San Lucas

Tarehe 6 Januari 2019 Evodio Tlapale Rosas, muuza nyama ya nguruwe mwenye umri wa miaka ishirini na saba, alichaguliwa kwa tofauti ya kura moja kuwa Kristo katika igizo la Mateso la Ijumaa Kuu mjini San Lucas Atempa. Aliyemfuatia alikuwa Nabor Cuamatzi, fundi viatu. Kwa desturi ya mji huo, anayeshindwa kura hupewa nafasi ya Simoni Mkirene, yule aliyemsaidia Yesu msalaba.

Nafasi hiyo haina utukufu. Kristo wa San Lucas hubeba msalaba peke yake kutoka ua wa kanisa, kupita sokoni na kwenye kinu cha mahindi, hadi juu ya kilima kinachoitwa Kalvario. Mkirene hushika tu mkia wa msalaba, ile ncha inayoburutwa nyuma. Wazee hujipanga kando ya barabara, wala hawamtazami Kristo. Macho yao yako kwenye mikono ya Mkirene. Mishipa yake ikisimama, basi amesaidia kubeba, na Kristo wa mwaka huo ni Nusu, na jina hilo halifutiki. Mwaka 1974 alikuwepo mmoja aliyesaidiwa. Anaishi Chicago mpaka leo, na dada yake akienda kununua nyanya bado anaitwa dada yake Nusu.

Evodio aliyajua yote hayo alipogombea. Aligombea kwa sababu ya nadhiri. Miaka minne nyuma baba yake, Heladio, mwashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kulala hospitalini bila kuhisi miguu. Evodio alipiga magoti kwenye korido akaahidi: mzee akitembea tena, ataufikisha msalaba Kalvario. Mzee akatembea. Kwa hiyo lilikuwa deni, na huko San Lucas mwenye deni la nadhiri hasemwi vizuri hata akifa.

Tatizo lilikuwa mwili wake. Jioni, akishafunga bucha, Evodio hunyanyua vyuma kwenye banda nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Aliwahi kushindana na watunisha misuli huko Puebla akashika nafasi ya tatu. Shingo yake huanzia masikioni. Mwezi Februari, kwenye zoezi la kwanza, alivua shati ili wamfunge kamba, na mtu mmoja akampiga picha. Kufika jioni bonde zima lilikuwa limeiona, na chini yake maneno mawili: Kristo Baunsa.

Ndipo maneno yalipoanza, kwanza sokoni, kisha mtandaoni, kisha kwenye meza za watu waliokuwa hawajawahi kugombana.

"Evo, nikatie ya bega," Tacho kinyozi alimwambia buchani. "La nguruwe lakini, siyo lako. La kwako hatutalimaliza mpaka Krismasi."

Evodio alicheka. Wiki iliyofuata hakucheka tena, kwa sababu kamati iliitisha mkutano wa wote katika ukumbi wa shule, na ajenda ilikuwa yeye.

Bi Refugio ndiye aliyeshika kipaza sauti kwanza. Ndiye anayeshona kanzu za Mateso tangu ujana wake. "Makristo wote nimewashona kwa kipimo kimoja," alisema. "Huyu, kanzu imegoma hapa." Akajigusa bega. "Sasa nawauliza, Yesu gani huyu ana kifua kama mlango wa gereji?"

Ukumbi uliangua kicheko. Tacho akainuka. "Bi Refugio, kwa heshima zako. Yesu alikuwa seremala. Enzi zile hakuna msumeno wa umeme. Unadhani alikuwa na mikono ya karani?"

"Alifunga siku arobaini!"

"Na kabla ya kufunga je?"

"Kabla ya kufunga hakuwa na kioo," ilijibu sauti ya mwashi mmoja mzee aliyeketi karibu na Heladio. "Mwili wa mwanaume hutoka kwenye kazi. Wa huyu umetoka kwenye kioo. Kazi ni kubeba kitu kukipeleka mahali. Huyu anakibeba anakirudisha palepale."

"Na sindano za misuli!" mtu akadakia kutoka nyuma.

Evodio akasimama. "Nani kasema sindano? Aje hapa mbele."

"Kaa, Evo."

"Aje hapa mbele nimsikie."

"Kaa chini, mwanangu, tunaendesha mkutano," alisema mwenyekiti, Mzee Ausencio.

Vijana walikuwa upande wa Evodio. Walisema wamechoka na Kristo anayefanana na mgonjwa, kwamba mwanaume aliyejijenga ana nidhamu kuliko mlevi aliyekonda, na kwamba wakitaka mifupa wampe Nabor, juu ya mbavu zake unaweza kufulia nguo. Msichana mmoja alisema mwaka huu kaka zake wanataka kwenda kanisani kwa hiari yao. "Kaka zako au wewe?" wakamuuliza. Nabor alikuwa ameketi mstari wa tatu, mikono mapajani. Hakugeuka.

Padri alipoombwa neno alisema Injili haitaji uzito wa Yesu. Kila upande ukapiga makofi, ukiamini ameusemea.

Uamuzi ulikuwa huu: Evodio abaki, lakini kamati itamkagua Alhamisi Kuu, baada ya ibada ya kuoshana miguu. Mbavu zionekane. Zisipoonekana, taji la miiba atavaa Nabor.

Usiku huo Heladio alikula maharage yake. Ukutani, juu ya televisheni, ilining'inia picha yake ya mwaka 1988, mwaka aliokuwa Kristo, akiwa chini ya msalaba, mwembamba kama ufito. Mji mzima uliijua picha hiyo. Mkutanoni watu watatu walikuwa wameitaja kama mfano wa namna mwanaume anavyopaswa kuonekana.

"Watu wanataka zile mbavu," Evodio alisema, akiinua kidevu kuelekea ukutani.

Mzee aliitazama kana kwamba ni picha ya jirani. "Hizo siyo za utakatifu," alisema. "Ni njaa. Mwaka ule ujenzi ulisimama, tulikuwa tunakula majani ya dungusi kutwa mara mbili. Ningekuwa na nyama ya nguruwe kama wewe ningeila."

"Mbona hukusema pale ukumbini?"

"Hakuna aliyeniuliza." Alifuta sahani kwa kipande cha chapati ya mahindi. "Na nadhiri ni yako, mimi sikukutuma. Lakini ukiwa Nusu, ni mimi nitakayekaa na jina hilo hapa nyumbani."

Evodio alijua namna ya kutoa mbavu. Kila mtunisha misuli anaijua. Unaacha wanga, kisha unaacha chumvi, na mwishoni kabisa unaacha maji, ngozi ikanywee na kushika nyama kama karatasi iliyoloa. Kwenye mashindano mtu hupanda jukwaani amekauka hivyo, hukaza misuli dakika chache, anashuka na kumaliza ndoo. Kinachohitajika ni kuonekana tu. Hakuna anayemtwisha mzigo.

Alhamisi Kuu, ndani ya sakristia, Mzee Ausencio alimmulika kwa tochi. "Inua mikono." Mbavu zilikuwepo, zote, unaweza kuzihesabu. Macho yalikuwa yameingia ndani na mifupa ya mashavu imetoka. Bi Refugio alimpitishia utepe wa kupimia, akaufunga, akasema kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha: "Hapo sasa. Hapo ni mtu."

Angeweza kunywa maji jioni ile. Alikwishapita ukaguzi. Jagi lilikuwa mezani, na baba yake alilisogeza karibu na mkono wake. Lakini kesho kulikuwa na kamera, na wale wa sindano wangekuwa barabarani, na maneno ya Bi Refugio yalikuwa bado yanamzunguka kichwani. Alilowesha midomo akaenda kulala.

Ijumaa jua lilitoka kavu. Katika kituo cha tatu cha Njia ya Msalaba alianguka kama ilivyoandikwa, akainuka kama ilivyoandikwa. Katika kituo cha tano askari wa igizo walimkamata Nabor kutoka kwenye umati na kumpeleka kwenye mkia wa msalaba. Nabor aliweka viganja vyake juu ya mti kwa wepesi, kama mtu anayegusa farasi asiyemjua. Sokoni paja la kushoto la Evodio likakaza mara ya kwanza. Alikanyaga kwa nguvu, likaachia. Alipoanguka mara ya pili, iliyoandikwa, aliinuka taratibu mno, na umati ukapiga kelele za sifa ukidhani ni uigizaji.

Anguko la tatu huwa mbele ya kinu cha mahindi, chini ya mwinuko wa mwisho. Alipiga magoti, na hapo miguu yote miwili ikageuka jiwe. Kisha mgongo. Msalaba ulimlalia shingoni na hakuweza kuuondoa wala kuuinua.

"Simama, mfalme wa Wayahudi!" alinguruma Tacho, aliyeigiza akida wa Kirumi, kutoka juu ya farasi. Akasubiri. Kisha akainama. "Evo. Simama basi. Unanitisha."

Kelele zilipungua. Wazee walisogea mbele, na macho yote yakaenda kwenye mikono ya Nabor.

"Nini?" Nabor alinong'ona.

"Imekaza. Miguu, mgongo, kila kitu."

"Umekunywa maji?"

"Tangu Jumanne, matone tu."

"Mjinga wewe." Nabor aliinua macho. Mzee Ausencio alikuwa ameshaanza kupenya katikati ya watu. "Anakuja. Nikinyamaza tu hapa, atakuondoa na taji ni langu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Kwa haki kabisa. Na hata kidole sitakuwa nimeinua."

"Najua, Nabor."

"Basi sema. Mimi sibebi bila kuambiwa. Sitaki kesho waseme nilikunyang'anya."

Evodio alimtafuta baba yake. Alimwona kwenye ukuta wa kinu, kofia kichwani, mikono nyuma, uso hauonyeshi lolote, amesimama kwa miguu yake miwili.

"Beba," Evodio alisema.

Nabor aliuacha mkia. Alizunguka mbele, akaingiza bega lake la mfupa chini ya mti wa kukingama wa msalaba, akainua. Mishipa ilimsimama kuanzia kiganjani hadi sikioni, na mji mzima ukaiona. "Nusu!" mtu akapaza sauti, mwingine akaitikia. Ndipo Bi Refugio alipotoka kwenye umati na chupa ya soda iliyojaa maji, akamshika Kristo kidevu mbele ya askari wote wa Roma.

"Kunywa! Nilisema mbavu, sikusema maiti!"

Alikunywa hadi kanzu ikaloa. Baadaye alipanda mwinuko kwa kutambaa, kisha kwa kushika mkia wa msalaba wake mwenyewe, nyuma ya Nabor.

Pasaka ilipopita picha mpya ilikuwa imeenea bondeni: fundi viatu mwembamba chini ya msalaba, na nyuma yake jitu limeinama. Waliosema mwanaume ni misuli na waliosema mwanaume ni mateso wote waliituma, kila mmoja kama ushahidi wake. Buchani mtu mmoja aliomba nusu kilo, akaitamka nusu polepole, akisubiri. Evodio alimpimia, akamfungia, akamwambia karibu tena.

Jumapili moja alimuuliza baba yake kama nadhiri imelipwa.

"Uliahidi nini, neno kwa neno?"

"Nitaufikisha msalaba Kalvario."

"Basi ulipie kipande kilichobaki," Heladio alisema. "Kuanzia kinuni kwenda juu. Hicho alikibeba mtoto wa watu."

Evodio alikwenda kwenye kibanda cha Nabor kumweleza anachotaka: mwakani awe Mkirene wake, amlipe kile kipande. Nabor alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja. "Mwaka kesho nagombea tena," alisema. "Ukiwa Mkirene wangu, utashika mkia. Mkia tu. Ukiinua nitakupiga teke."

"Na ukikwama?"

"Sitakwama. Mimi nakunywa maji."

Mkirene ni yule aliyeshindwa kura. Kwa hiyo tarehe 6 Januari ijayo Evodio atagombea tena nafasi ya Kristo, na ameanza kupita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasimchague.