Bi Kadi na Kioo Cheusi

Pale zahanati walimwita Bi Kadi. Miaka kumi na minane hakuna mgonjwa aliyemfikia daktari bila kupita dirishani kwake. Panya walipoanza kutafuna kadi, yeye ndiye aliyemshawishi daktari ziingizwe zote kwenye kompyuta. Alizipiga chapa peke yake kwa miezi kumi na mmoja, kadi elfu nne na ushee, kisha zile za karatasi zikachomwa.

Jumatatu asubuhi kompyuta ikamwonya kuwa nafasi imejaa. Bi Kadi hakuwa mbumbumbu. Fundi alipoweka mfumo mpya wa Linux kwenye mashine ile, yeye alikuwa akimtazama kwa jicho la wizi. Akafungua ramani ya diski, akaona imegawanywa sehemu tano, na moja ni ya mfumo wa zamani usiotumiwa na mtu. Akaifuta, akaivuta sehemu ya jirani ijaze pengo. Akazima, akawasha.

Kioo cheusi. Mstari mmoja tu wa Kiingereza, ukisema hakuna sehemu kama hiyo.

Akazima, akawasha. Mara ya sita kikawa kilekile.

"Bi Kadi, leo umetususa?" aliuliza mzee wa kisukari aliyekuwa mbele ya foleni.

"Kidogo tu, mzee wangu," alijibu.

Fundi hakupatikana kwa simu. Fundi mwingine alimwambia alete mashine keshokutwa, ila kila kitu kitafutwa. Akabaki mtu mmoja: dada wa mumewe, aliyefanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni kubwa. Hawakusemeshana mwaka mzima, tangu Bi Kadi amwambie mbele ya ukoo kwamba anajua kuuguza mashine tu, si mama yake mzazi.

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Shida ni wifi? Mtandao umekata?"

"Wifi ndiye shida, na wifi ndiye dawa," alisema Bi Kadi, akapiga simu.

"Wifi, nimekwisha. Nimeua kadi za watu."

Sauti kavu ikamjibu: "Umefuta nini? Usinifiche hata chembe."

Akaeleza yote.

"Basi usiguse kitu mpaka nikwambie. Kaa chini."

Wifi alimtajia amri herufi kwa herufi, na mashine ikaorodhesha sehemu zilizobaki. Wakaanza kuziuliza moja moja. Ya kwanza: haitambuliki. Ya pili: haitambuliki. Bi Kadi alikuwa anahesabu moyoni akina mama wenye shinikizo la damu, nani anakunywa dawa gani, akakuta hajui hata nusu.

"Ya tatu?"

"Inanitajia majina... boot, etc, home..."

"Hapohapo! Ndiyo makao ya mfumo wako. Ulipofuta ile moja, namba za zingine zilisogea. Mashine inabisha hodi nyumba ya zamani, mwenyewe kahama."

Akaielekeza mashine kwenye namba mpya. Maandishi yakamiminika, Bi Kadi akasimama. Halafu yakakwama: hali ya dharura, ingiza nenosiri. Hapo machozi yakamtoka.

"Lia," alisema wifi, "lakini vidole visilie. Kuna faili lina orodha ya sehemu za kufungua mashine inapowaka. Ile uliyofuta bado imo, ndiyo inayosubiriwa. Weka alama ya reli, #, mwanzo wa mstari wake, mashine iuruke."

Aliingiza nenosiri kuu aliloachiwa na fundi, akaukosea mstari mara mbili. Mara ya tatu akahifadhi, akawasha upya, akaelekeza tena. Picha ya kawaida ikatokea. Akatafuta kadi ya mzee wa kisukari: ipo, na dozi yake. Wifi akampa amri ya mwisho, mashine isipotee njia tena itakapowashwa.

"Wifi, yale niliyokwambia siku ile..."

"Sijayasahau," alisema wifi. "Nakili kadi kwenye diski ya nje kwanza. Sasa hivi, nikiwa hapa."

Akanakili, wifi akisubiri kwenye simu.

Saa sita daktari alirudi kutoka mkutanoni. Bi Kadi alimweleza kila kitu kabla hajaulizwa. Daktari akasema, "Kuanzia leo nenosiri kuu nakaa nalo mimi." Bi Kadi akaliandika kwenye karatasi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Alirudi dirishani kuita majina. Foleni ilikuwa imefika nje, ikabidi muuguzi amsaidie kuandika mpaka jioni.