Ngamia Niliyedhani Nimembuni

Hadithi yangu ya ngamia ilikuwa imening'inia msumarini wiki tatu, kisha mwenye ngamia akaja kumdai.

Msumari wenyewe uko dukani kwangu, Isiolo mjini, mwendo mfupi kutoka ofisi za kaunti. Natoa fotokopi, nataipu barua, nalaminisha vyeti. Kazi hii niliianza serikali za kaunti zilipokuja, maana ghafla kila jambo lilitaka karatasi: maombi ya basari, maombi ya kazi, na barua za kulalamika kwamba maombi ya kwanza hayakujibiwa. Foleni ilikuwa ikifika barabarani. Mtu akingoja sana huchoka, na akichoka huanza kumchokoza aliye mbele yake. Ndipo nilipopata wazo la kutaipu hadithi zangu, kuzibana kwa stepla na kuzitundika karibu na benchi, watu wasome wakingoja zamu.

Naandika kwa kupenda tu. Hakuna aliyewahi kunichapisha isipokuwa printa yangu mwenyewe. Lakini naandika vizuri, na sioni haya kulisema. Mtu akicheka peke yake pale kwenye benchi, na zamu yake ikifika aseme, "Hudumia huyu kwanza, nimalizie ukurasa," huyo amenipa cheti kikubwa kuliko vyote ninavyolaminisha. Mazoezi pia nimeyapata. Nimewataipia watu wasifu wa kazi kwa miaka, na wasifu wa kazi ni hadithi yenye mhusika mmoja tu, asiye na kasoro.

Basi walinisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kuandika haraka haraka, bila kuuliza mtu chochote. Siku moja nikataka hadithi ya wizi wa ngamia. Mimi ni Mturkana wa mtaa wa Chechelesi, mtoto wa mjini. Ngamia namjua kwa maziwa yake ndani ya chai. Ili wasomaji waamini kwamba najua ninachosema, nikampa ngamia wangu alama ya moto: mstari mrefu shingoni upande wa kushoto, na chini ya mstari duara lenye mkia. Sikio la kulia nikalipasua ncha. Wezi wangu wakamvusha laga, yaani ule mto wa mchanga mtupu usiokuwa na maji mpaka mvua inyeshe huko juu, na walipofika ng'ambo nikakwama. Sikujua wampeleke wapi. Nikaandika "itaendelea" chini ya ukurasa, nikatundika, nikajiambia mengine yatakuja yenyewe.

Yaliyokuja ni mama mmoja mrefu, amejitanda mtandio wa kijani, na vumbi la safari bado liko kwenye viatu vyake. Hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu."

Akatoa karatasi mbili kwenye mkoba, akaziweka mbele yangu. Moja ilikuwa nakala ya hadithi yangu. "Ni wewe umeandika hii?"

"Ni mimi," nikasema, tena kwa maringo. Nilidhani amekuja kunisifu.

"Sawa. Sasa ngamia yangu iko wapi?"

Nilicheka. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma. Nikamwambia hii ni hadithi tu, mama, nimetunga, hakuna ngamia. Akasogeza ile karatasi ya pili. Ilikuwa tangazo la ngamia aliyepotea, lenye muhuri wa chifu wa Sericho, na katikati mtu alikuwa amechora alama: mstari mrefu, na chini yake duara lenye mkia. Maelezo yalisema shingo, kushoto. Yalisema sikio la kulia limepasuliwa ncha. Na ukingoni mwa karatasi, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba ambao mashine yangu huuacha kwenye kila nakala, hata nikikifuta kioo chake namna gani.

Nililitoa mwenyewe tangazo lile, kumbe. Binti yake anayeishi Burat, nje kidogo ya mji, alikuwa amelileta miezi kadhaa nyuma, nikalitolea nakala bila kulisoma, huku nikizungumza na mtu mwingine. Jicho lililiona, mkono ukalihifadhi, nami nilipokaa kuandika nikajisifu kwamba nimebuni. Kisha binti yuleyule akarudi kwa shughuli nyingine, akasoma hadithi akiwa kwenye benchi, akampigia mama yake simu. Mama akapanda lori kutoka Sericho. Siku mbili njiani, kwa ajili ya ukurasa wangu.

"Hii alama ni ya bwana yangu, marehemu," alisema. "Ngamia ilibaki moja tu ya maziwa. Hapa umeandika walivusha yeye laga. Laga gani?"

"Sijui, mama."

"Wewe umeandika, halafu hujui?"

Mimi Mturkana, yeye Mborana, na kati yetu kuna ngamia aliyeibiwa: anayeujua mji wetu hahitaji kuelezwa kwa nini foleni nzima iligeuka kututazama. Karani mmoja wa kaunti aliyekuwa akingoja zamu alimweleza kwa Kiborana kwamba ni hadithi, kwamba huyu mama wa fotokopi hana ubaya, huandika mambo ya kupoteza muda. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi.

"Kama ni uongo, kwa nini sikio ni ya ukweli?"

Hakupiga kelele, hakunitukana. Alikaa kwenye benchi mpaka nilipofunga kwa chakula cha mchana, kana kwamba huenda nikakumbuka, kisha akaondoka. Ningependelea anitukane.

Hadithi niliitoa msumarini siku hiyohiyo. Na kutoka hapo sikuandika tena. Nasema sikuandika, lakini karatasi niliharibu nyingi. Nikimpa mhusika pengo la meno, nakumbuka mwuza miraa wa kona ile ana pengo kama hilo. Nikimpa mke mkali, namwona jirani. Nikaanza kufuta: ngamia akawa mnyama fulani, Isiolo ikawa mji fulani, mtu akawa bwana mmoja. Nilitundika moja ya aina hiyo, nikitumaini. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliisoma nusu akairudisha msumarini. "Mama, siku hizi hadithi zako ni kama chai ya mkutano," akasema. "Ya moto, lakini majani hayakuingia."

Ushauri niliupata bila kuomba. Mwalimu aliniambia nisome zaidi. Dada yangu aliniambia nifunge na kuomba. Mwingine akasema niamke alfajiri, akili ikiwa bado mbichi. Niliamka, nikakaa na akili yangu mbichi mpaka kuku wakamaliza kuwika. Watu hudhani kukwama ni kuishiwa, kama debe la maji. Mimi sikuwa nimeishiwa. Nilikuwa naogopa, na nilijua vizuri ninachokiogopa: mama yule alikuwa bado yuko Burat kwa binti yake, akizunguka kila siku ya mnada kumtafuta ngamia, nami nilikuwa nikipita njia za nyuma nisikutane naye.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikaenda Burat. Nyumba haikuwa ngumu kuipata, nilimwuliza mtu wa kwanza tu, "Mama wa ngamia aliyepotea anakaa wapi?" akanionyesha kwa kidole. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni. Aliniangalia, akaniangalia tena, akamwambia binti yake aweke chai.

Ilikuja bila maziwa.

"Kunywa hivyo tu," akasema. "Maziwa iko ndani ya hadithi yako."

Ndipo nikajua hajanifungia mlango. Nilimwomba msamaha. Nilisema kila kitu: tangazo, mashine, kuandika bila kuangalia. Alitikisa kichwa taratibu, akauliza kama nimekuja nayo. Nilikuwa nayo. "Soma," akasema.

Nimewahi kusomewa makosa yangu na watu wengi, lakini si kama siku ile. Karibu kila sentensi ilikuwa na kesi. Ngamia haongozwi hivyo, kamba haifungwi hapo, laga haivukwi pale kwenye mchanga laini. Nilikuwa naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika, na mkono haukunitosha. Mwishoni akagusa ile sehemu niliyojivunia kuliko zote, ya alama.

"Hapa ndio umeharibu kabisa. Alama mtu haanzi nayo. Alama ni ya mwisho, ya kumaliza kesi. Mtu akitafuta ngamia, anaanza na tabia."

Akanieleza. Wanawe walipokwenda kuulizia kwenye visima, hawakutaja alama. Walitaja tabia na wakanyamaza. Aliyemwona ngamia huyo atamjua kwa tabia, na anayemficha hatajua ni alama gani ya kufuta. Alama ikitajwa mapema, mwizi ataifunika kwa nyingine. Tangazo la chifu yeye hakulipenda tangu mwanzo; ni mambo ya ofisi.

"Sasa tabia yake ni gani?" nikauliza. Nilikuwa sijamwuliza mtu swali la hadithi kwa muda mrefu sana.

Basi akanisimulia habari za ngamia wake hadi jua likahama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Huyo hatoi maziwa mpaka aimbiwe, na hataki maneno ya wimbo, anataka kuimbiwa kwa mvumo tu, mdomo ukiwa umefungwa. Kisimani hunywa wa mwisho, baada ya wengine wote, kama mama wa nyumba. Huvuta mitandio ya wanawake kwa meno, lakini ya kijani haigusi. Honi ya lori ikilia, hakimbii. Husimama na kuigeukia, anangoja aombwe radhi. Binti alicheka, mama akacheka, nami nikacheka huku machozi yakinitoka, maana nilikuwa nimemwona. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na ngamia kwenye hadithi yangu.

Niliandika upya kwa siku sita. Niliandika kati ya mteja na mteja, nikaharibu vyeti viwili kwenye mashine ya kulaminisha, nikawaomba wenyewe radhi na kuwalipia vipya. Sikuogopa tena kama fulani atajiona humo. Nikitaka pengo la meno, nilimwendea mwenye pengo nikamwuliza alilipataje, na ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kunikatalia. Wengine walinifuata dukani kuongezea. Kilichokuwa kimenifunga ni kule kuchukua kimyakimya. Nilipoanza kuomba, nikawa na vingi kuliko ninavyoweza kuandika, na mpaka leo ni hivyo.

Alama niliiondoa. Wezi walivuka laga mahali panapovukika. Na safari hii nilijua wampeleke wapi: kisima cha mbali, kwenye kundi la wageni, ambako alikaa miezi akinywa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuja wote kwa mkupuo. Msichana mmoja anapita karibu na kisima akiimba kwa mvumo, mdomo umefungwa. Ngamia anainua kichwa. Anaacha kundi, anapita katikati ya wanaume wanaompigia kelele, anatembea siku tatu, anafika kwa mwenye mtandio wa kijani, anapiga magoti, maziwa yanadondoka yenyewe. Nililia nikiutaipu. Sijaandika ukurasa mzuri kuliko ule, na najua ninachosema.

Nilitoa nakala kumi na mbili, nikampigia binti simu. Walikuja siku ya pili asubuhi, foleni ikiwa imejaa, nami nikawasomea kwa sauti, mwandishi na wasikilizaji wake. Hata waliokuja kwa fotokopi moja walibaki. Nilipofika kisimani, mama yule alifumba macho. Nilipofika kwenye maziwa, alijifuta uso kwa pindo la mtandio. Karani wa kaunti, yuleyule wa siku ya kwanza, akapiga makofi, na wengine wakamfuata. Nilijiona nimefika.

Mama alingoja makofi yaishe.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa toa hiyo karatasi ya mwisho."

"Ya mwisho? Mama, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

"Ndio. Toa."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia hadithi bila mwisho ni kama nyumba bila paa, kwamba nimekwama miezi kwa sababu ya mwisho huu, kwamba watu wenyewe wamepiga makofi. Alinisikiliza kwa adabu ileile aliyomsikiliza nayo karani.

"Hii itafika Sericho?" akauliza.

"Ukitaka, itafika."

"Watu wa visima watasomewa?"

"Watasomewa."

"Wakisikia imerudi nyumbani, nani ataendelea kutafuta?"

Niliangalia ukurasa wangu. Niliusoma tena kimoyomoyo, neno kwa neno, nikitafuta namna ya kumjibu, na kila neno lilikuwa zuri. Kisha nikachukua kisu kidogo cha karatasi, nikaanza kung'oa pini za stepla, moja baada ya nyingine, nakala zote kumi na mbili, nikabana tena bila ule ukurasa. Sasa hadithi iliishia kisimani, ngamia akiwa mgeni katikati ya kundi, anangoja wengine wamalize kunywa.

Alizichukua zote. Lori la Sericho lilikuwa linaondoka saa tano na dereva alikuwa ameshaahidi kuzisambaza. Alifika mlangoni, akarudi, akaniwekea rundo mezani na kunionyesha nafasi nyeupe iliyobaki chini ya mstari wa mwisho.

"Hapa," akasema, "andika namba ya simu ya mtoto yangu."

Nikaiandika kwa mkono, mara kumi na mbili.