Makiwa kwa Mji wa Waigizaji

Dada yangu hawezi kutazama mtu kwenye televisheni mpaka amjue kwao. Kwetu sisi, tuliotoka Unguja tungali wasichana baada ya mapinduzi tukaja kuzeekea Jidda, hilo ndilo suali la mwanzo. Ukiingia mlangoni huulizwi jina kwanza, unaulizwa, "Kwenu wapi?" Ukisema mji, unaulizwa mtaa. Ukisema mtaa, unaulizwa nyumba ya nani. Hapo ndipo unapopewa kahawa.

Sasa fikiria dada yangu anataka kuwauliza hivyo Waingereza wa kwenye televisheni.

Kiingereza hatukijui, mie wala yeye. Yale maandishi ya Kiarabu yanayopita chini ya picha tunayasoma kwa herufi tulizofunzwa chuo cha Kurani, kidole kwa kidole, na hatujafika nusu ya mstari wenyewe wameshagombana na kupatana. Tukaacha kusoma. Tukawa tunatazama nyuso tu, na nakwambia, nyuso zinatosha. Tunajua nani anaongopa, nani anampenda shemeji yake, nani mwezi utamwishia kaburini.

Mjukuu wangu, ambaye anafanya kazi Riadh katika duka la miwani huko Sulaimaniya, akija kwetu likizo ndiye alikuwa akitutafutia kwenye simu. Dada anamwashiria mzee mmoja kwenye kioo: "Huyu kwao wapi?" Mjukuu anabonyeza, anataja mji mmoja mdogo wa kaskazini ya Uingereza, mto unapita kati, kiwanda cha nguo kilishafungwa. Basi tukamjua. Mzee huyo alikuwa akiigiza makadhi wao, mapadri, na mara moja mwizi wa farasi. Jumatatu anakufa, tunamlilia, Alhamisi yu hai katika mchezo mwengine na mke mwengine. Dada akimpenda kuliko wote kwa sababu hapazi sauti. "Huyu akinyamaza tu unamsikia," alikuwa akisema.

Mwaka mwengine tukamwona mama mmoja, kila mchezo yeye ni mama wa polisi. Kwao wapi? Mji ule ule. Akaja kijana mwenye pua ya kuvunjika. Mji ule ule. Mjukuu wangu akacheka, akasema, "Bibi, ni bahati tu, watu wanazaliwa popote."

Mie sikucheka. Niliingiwa na kitu kama baridi. Mji ambao hata katika simu picha zake ni mvua na matofali mekundu, unawatoa watu wanaoweza kufa na kufufuka mbele ya dunia nzima. Majina yao ninayo yote kichwani, ya mama zao na ya mitaa yao vilevile, wala sijapatapo kulisahau jina la mtu. Hapa siyaandiki, si adabu kumwandika mtu bila ya ruhusa yake. Lakini nikiyasema kwa mfuatano, moja baada ya jengine, naona kama nasoma ukoo.

Na hayo si mageni kwetu. Wanawake wa mtaa wetu walipokuja Jidda walikuja na mchezo wao. Harusini, wanaume wakishatoka, tunavaa kanzu za waume zetu, tunachora masharubu kwa wanja, tunawaigiza wanavyodai chai na wanavyokoroma. Mitaa mingine walikuwa na waimbaji, sisi tulikuwa na vichekesho. Mtu akiuliza kwa nini mtaa wetu, hakuna anayejua. Mmoja alianza, wengine wakaona kumbe inawezekana.

Mwaka jana yule mzee akafariki. Mjukuu ndiye aliyetupigia simu. Nilimpa dada habari asubuhi, miguu yake iko ndani ya beseni la maji ya chumvi, akakaa nayo mpaka maji yakapoa.

Kisha akasema, "Taazia tunampa nani?"

"Dada," nikamwambia, "mtu yuko Uingereza, hatujuani naye. Wala si Muislamu."

"Taazia anapewa aliye hai," akanijibu. "Na pole ni pole."

Lazima nieleze hapa, kwa msomaji ambaye hajapata kuhama kwao. Sisi watu tuliotawanyika, mtu wa mtaa wetu akifa Maskati au Dubai au kokote, mkono wa pole anapewa mtu wa mtaa ule aliye karibu nawe. Hata kama hakumjua marehemu. Yeye anaupokea, anauchukua, siku akikutana na wenye msiba anaufikisha. Msiba wa mtu wa mtaa wetu aliyefia Kanada nimepewa mkono sokoni mie, na nikaufikisha. Dada ana miaka themanini na zaidi, miguu haimchukui, na jambo analoliogopa ni kufa na mkono wa mtu haujafika. Nilimwona siku zile, kila akimaliza kusali anauliza, "Hatujapata mtu wa mji ule?" Chakula kikawa hakimpiti.

Ndipo mjukuu akatuambia kuna kundi la Waingereza linakuja Riadh kucheza mchezo wa jukwaani, na mwanamke mwenye sehemu kubwa, kwao ni mji ule.

"Nenda," dada akaniambia. "Umpe mkono wangu na wako."

Nikapanda ndege. Nikafikia kwa mwanangu, mtaa wa Murabba, na siku ya pili mjukuu akanichukua kwa teksi mpaka kwenye jumba lenyewe, onyesho la alasiri. Njia nzima kupita Batha, magari hayasogei, yeye ananisihi.

"Bibi, tutatazama, tutapiga makofi, tutarudi. Hawa watu hawafikiwi."

"Mie nimekuja kutoa taazia, sikuja kupiga makofi."

"Huyo mwanamke hamjui yule mzee. Kwao si kama kwetu. Mji ni mji tu."

"Basi atanambia mwenyewe."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama anayegongewa mlango na kuambiwa mwanawe amefia kazini. Sijapatapo kumwona mwigizaji mzima, na miguu yake, na kivuli chake. Katika televisheni wanakuwa vichwa tu. Yule mwanamke alipopewa habari alitoa kilio kutoka mahali nisipopajua, akajikunja, akazunguka jukwaa lote kama kuku aliyechinjwa, na ukumbi mzima, Waarabu, Wahindi, Wafilipino, ukalia naye. Kijana wa Kisaudia mbele yangu alivua miwani akafuta macho kwa shumagi, kitambaa chake cha kichwani. Nikasema moyoni, Mola wangu, umewapa nini watu wa mji ule?

Tulipotoka, mjukuu akapigiwa simu na dukani kwake, akasimama pembeni. Mie nikauona mlango wa ubavuni ambao wafanyakazi wanaingilia. Pana kijana mlinzi.

"Mafi, ya hajja," akasema, mkono kwenye mlango. "Hapa haingii mtu."

"Sitaki kuingia, mwanangu," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha Jidda. "Nimekuja kwa azaa. Yule mwanamke aliyecheza, kafiwa."

Uso wake ukageuka. Kwa Waarabu, kama kwetu, mwenye kuleta azaa, ndiyo taazia yetu, hafungiwi mlango. "La haula," akasema. "Mwenyewe anajua?"

Mie nilidhani anauliza kama anajua habari za yule mzee. "Hilo sijui," nikasema.

Akaingia mbio. Hata kiti aliniachia.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua mpaka mlango ulipofunguka. Alitoka yule mwanamke miguu mitupu, nusu ya uso imefutwa rangi na nusu bado, simu sikioni. Mlinzi alikuwa amemfikishia kwa Kiingereza chake, kama alivyofahamu: nje yupo bibi mzee, amekuja kukuambia umefiwa. Naye akafikiri ni mama yake.

Nilimtazama. Miaka mingapi nimesoma nyuso za watu hawa, na huu sikuuelewa mara moja, kwa sababu haukuwa na kitu. Haukulia. Haukujikunja. Mdomo ulikuwa wazi kidogo tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka ameweka wapi funguo. Simu inaita, haipokelewi.

Mjukuu wangu akaja mbio. "Bibi, umemwambia nini?"

"Mie sijamwambia kitu. Nimemwambia huyu kijana."

"Umemwambia nini huyu kijana?"

Akaanza kumweleza mwanamke kwa Kiingereza, maneno yanamkimbia. Yule mwanamke akainua kiganja, hivi, usawa wa kifua, vidole havikunyooka vyema. Asubiri. Hataki maelezo ya mtu yeyote mpaka asikie sauti ya mama yake. Simu ikakatika, akapiga tena. Nikasoma kila dua ninayoijua. Nilisema, Mola wangu, nisiwe mie niliyekuja kutoka Jidda kumuua mama wa mtu kwa mdomo.

Ikapokelewa. Tulisikia sauti ya mwanamke mzee, kali, ya mtu aliyekatishwa kazi. Alikuwa akianika nguo. Binti yake akateremka na ukuta mpaka akakaa kwenye ngazi, akacheka bila ya sauti, kisha akageuka kwa mjukuu wangu akasema maneno.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Hayo hayatafsiriki, bibi."

Ilikuwa haki yake. Nilikaa naye pale chini kwenye ngazi, magoti yangu yamegusana na yake, mlinzi anatutazama haelewi amefanya nini. Alipotulia akauliza, basi aliyekufa ni nani? Mjukuu akamtajia jina la mzee. Akatikisa kichwa. Hakuwahi kumwona. Mzee alishahama mji ule yeye hajazaliwa. Yeye alilia siku aliposikia habari, akaona ni upuuzi kumlilia mtu asiyemjua, akanyamaza, wala hakuna aliyempa pole.

Mjukuu akanigeukia. "Nilikwambia, bibi. Hawajuani."

Lakini simu ilikuwa bado iko wazi, na yule mama kule akasikia jina. Akauliza kitu. Binti yake akaiweka simu kwenye goti, sauti ikatoka nje, mjukuu akawa ananifasiria sikioni.

"Nani hapo anamtaja huyo?"

"Mwambie ni bibi mmoja kutoka Jidda," nikasema. "Mwambie yeye na dada yake wanatoa pole."

Kisha mama yule akasema dada wa marehemu anaishi nyuma ya nyumba yake, njia ndogo tu inawatenganisha, wanapeana maua ya bustani. Mzee alizikwa London, na watu wa mji waliona msiba ni wa London. Yeye mwenyewe alipita mara mbili, akaona mapazia yamefungwa, hakujua aseme nini, akarudi.

"Nyinyi mlimjua vipi?" akauliza.

"Alikuwa akija sebuleni kwetu," nikasema. Mjukuu alifasiri hivyo hivyo.

Mama yule akavuta pumzi, tukaisikia mpaka Riadh. Akasema atakwenda. Si kesho, sasa hivi, aanike hizi zilizobaki. Akauliza kwetu mtu akifika mlangoni anasema nini.

"Makiwa," nikasema. "Anasema makiwa, basi. Mengine si lazima."

Hakulishika. Yule mwanamke wa jukwaani akalirudia kwa ajili ya mama yake, na nywele zikanisimama chini ya mtandio. Alilisikia mara moja tu, lakini alilisema kwa sauti yangu mie, na uzee wangu ndani yake, na kule kushuka mwishoni ambako hata wajukuu zangu hawakupati. Nilimtazama mdomo kama mtoto anayetazama mazingaombwe.

Alituandikia tikiti za siku ya pili kabla hajaingia ndani. Kwenye teksi nikampigia dada.

"Mkono umefika?" akauliza. Hakunisalimu.

"Umefika mpaka kwa dada wa marehemu. Mtu ameshakwenda nao."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata simu. Baadaye nikaambiwa alikula samaki mzima.

Siku ya pili tulikaa mbele. Ilipofika pale mlango unapogongwa, nilijishika nikingojea kile kilio. Hakikuja. Yule mwanamke alisimama na uso ambao haukuwa na kitu, mdomo wazi kidogo. Mletaji habari akaanza kueleza, naye akainua kiganja, hivi, usawa wa kifua, vidole havikunyooka vyema. Ukumbi haukulia. Ukumbi ulikata pumzi.

Mjukuu akanishika mkono. "Bibi, hiyo ni ya jana."

Nilijua ni ya jana. Nilikuwa nayo usiku kucha, nikitubu kwa kumtia mtu hofu ile, kumbe mwenyewe aliipeleka kazini. Sikujua nimwogope au nimwombee. Nadhani nilifanya yote mawili. Watu walipokwishatoka mie bado nimekaa.

Jidda nikamsimulia dada tangu mwanzo, na beseni lake la maji ya chumvi chini. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akataka nimwoneshe mkono ulivyoinuliwa. Nikamwonesha.

"Sivyo," akasema. "Hivyo unasimamisha gari. Inua tena."

Nikainua tena.