Skii za Mgeni Begani mwa Mama

Mama yangu alikuwa hajawahi kuniona nikirusha ndege. Nilikuwa rubani mwaka wa sita, wa ndege ndogo za abiria watano, na yeye kule Ndhiwa alikuwa akiridhika na picha nilizomtumia kwa simu. Kwa hiyo nilipopangiwa kuwachukua wageni watatu kwenye uwanja mdogo wa Homa Bay, nilimpigia.

"Njoo asubuhi," nikamwambia. "Utakaa kwenye kiti changu kabla sijaondoka."

Alikuja amevaa gauni lake la kanisani, la buluu, na kitambaa cheupe kichwani. Aliikagua ndege kama mtu anavyomkagua ng'ombe sokoni, miguu kwanza, halafu tumbo, kisha akaguna kuonyesha kwamba ameridhika. Nilipanda juu ya bawa kupima mafuta, naye akabaki amesimama pale chini, akitabasamu peke yake.

Ndipo gari la wageni likafika. Walikuwa wanaume wa Nairobi, wametoka kuvua samaki kwenye hoteli moja kisiwani, na sasa walitaka kwenda Nanyuki, wapande Mlima Kenya wakateleze kwenye theluji. Mchezo huo waliujulia ng'ambo. Aliyekuwa msemaji wao, mmoja mwenye miwani ya jua, alivuta mfuko mrefu kutoka kwenye buti ya gari, akatazama huku na huku, akamwona mama.

"Mama, shika hizi. Peleka kwa ndege. Na usiangushe, ni ghali."

Mama akashika. Zilikuwa skii, zile mbao nyembamba za kutelezea, ndefu kumshinda yeye. Akaziweka begani akavuka nyasi zenye umande, pindo la gauni likilowa. Akarudi kuchukua mfuko wa pili. Akarudi tena, wa tatu. Mimi niko juu ya bawa, naona kila hatua, na sishuki. Hadi leo sijui nani ananikasirisha zaidi, yule mtu au mimi.

Mzigo ulipofika, yule bwana alimwendea fundi wetu aliyekuwa akipangusa kioo.

"Captain, sisi tuko tayari."

Fundi akaninyooshea kidevu. "Captain ni huyo."

Alinipima kuanzia viatu. "Huyu?" Akawageukia wenzake, wakacheka. "Haya. Bora tufike."

Tulipopima mizigo, ilizidi. Walipoagiza safari hakuna aliyekuwa ametaja skii wala makreti mawili ya vinywaji yaliyokuwa bado garini. Nikawaambia makreti yabaki. Yule bwana alitoa simu yake. Alimpigia simu mkubwa wangu, kisha akanipa simu mkononi kama anayempa mtoto peremende.

"Hao ni wateja wakubwa," mkubwa wangu akasema. "Vikilo vichache haviangushi ndege."

"Basi njoo uirushe wewe," nikajibu. Uwanja ulikuwa mfupi, nyasi zimelowa, jua limeanza kupanda, na hewa ya joto huinua ndege kwa shida. Makreti yalibaki kwa mlinzi.

Kumbe ujasiri wangu wote ulikuwa umeishia hapo. Tulikuwa tumechelewa, na nilijua mawingu yangeanza kujaa juu ya milima ya Mau. Mama alikuwa amesogea mlangoni, mkono mmoja kwenye ngazi, akisubiri kiti nilichomwahidi.

"Mama, asante, sasa toka hapo," yule bwana akasema.

Nami nikamwambia kwa Kijaluo kwamba itabidi iwe siku nyingine. Akaondoa mkono. "Wuoth maber," akanitakia, safari njema, akarudi nyuma ili upepo wa panga la injini usimpige.

Tulipita juu ya Kendu Bay, tukavuka Mau na safu ya Aberdare. Mlima ulipojitokeza, kilele kilikuwa cheusi, na barafu iliyobakia ilikuwa viraka vidogo tu mabondeni.

"Theluji ni hiyo tu?" yule bwana akauliza, kama kwamba nimeila mimi.

Nilirudi kuwachukua baada ya siku nne. Wapagazi wa mlima walikuwa wamezibeba zile skii hadi juu na kuzirudisha, zimekwaruzwa na mawe. Yule bwana alilalamika kwamba hakuna aliyemweleza hali ya mlima. Nilimwacha amalize. Kisha nikasema, "Yule mama aliyekubebea mizigo Homa Bay ni mama yangu mzazi. Alikuwa amekuja kuniona."

Nilidhani angeona haya. Alivua miwani, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa mbona hukusema?"

Kosa likawa langu! Niliwasha injini, nikawafikisha Nairobi salama. Kesho yake mkubwa wangu akanisimamisha kazi wiki mbili kwa kukosa adabu kwa wateja.

Nilienda nyumbani Ndhiwa. Mama alikuwa jikoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, nami nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba yule mtu alimdhania kibarua.

"Nilijua," akasema, bila kuinua kichwa.

"Ulijua, na ukabeba?"

"Ningekataa, ungeshuka huko juu ugombane. Ningekuharibia kazi, nyathina." Mtoto wangu, aliniita. "Bega langu limebeba vingi."

Nililia kwa hasira, na yeye akadhani nalia kwa ajili ya kazi. Akanibembeleza kwamba wiki mbili si nyingi. Nilitaka akasirike. Nilitaka atukane, hata mara moja tu, hata pale jikoni ambako hakuna mgeni wa kumsikia. Hakutukana. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye omena, na mimi nikakaa pale nikiwatukana wote, yule bwana, mkubwa wangu, na wote waliomfundisha mama yangu kwamba kunyamaza ndiyo namna ya kunipenda.