Noti Kama Mayai ya Chawa

Nilipoombwa kuongoza okestra ya vijana wa Garissa siku ya kufungua ukumbi mpya, macho yangu yalikuwa yameshapita miaka hamsini. Kiongozi wa okestra hasomi fidla peke yake. Ukurasa wake una mistari ya ala zote, mmoja chini ya mwingine, na zetu zilikuwa kumi na nane. Kwa hiyo niliomba karatasi za A3, zisimame wima, zifungwe kwa waya ili zilale wazi.

Ombi likafika kwa afisa wa itifaki, mtu mpole aliyeupenda sana mhuri wake.

"Maalim," akaniambia, "karatasi ya ofisi ni A4. Hotuba ya mgeni rasmi yenyewe ni A4. Wallahi, muziki uizidi hotuba?"

Nikamweleza kwamba hotuba husomwa mstari mmoja mmoja, mimi nasoma kumi na minane kwa pamoja. Akaandika kitu, nikapata matumaini.

Siku ya tatu kazi ikarudi kutoka kwa mchapaji: A4, imelazwa, imebanwa kwa pini. Juu ya kila ukurasa palikuwa na picha ya mgeni rasmi akitabasamu, chini salamu zake za heri. Katikati, palipobaki, ndipo ulipokuwa muziki wangu. Noti zilikuwa kama mayai ya chawa.

"Picha imetoka vizuri," akasema afisa. Kweli ilitoka vizuri.

Siku yenyewe tulianza na wimbo wa kunywesha ngamia. Nikageuza kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, nikawaashiria wa tarumbeta waingie. Wakanitazama kwa huruma, kisha wakatii, wakaifunika filimbi iliyokuwa ikilia peke yake kwa upole. Nikaacha kusoma, nikamkazia macho msichana wa fidla ya kwanza, mzaliwa wa Tarbaj, ambaye huhesabu mapigo kwa kidevu. Nilikifuata kidevu chake hadi mwisho. Watu wakapiga makofi, na mgeni rasmi akaomba nakala ya ukurasa mmoja aitundike ofisini.

Tulipokuwa tukifungasha ala, msichana yule akanijia.

"Mwalimu, pale katikati ulikuwa unatupeleka wapi?"

"Mimi? Nilikuwa nakufuata wewe."

Alicheka hadi akaiweka fidla chini. Jumatatu nilinunua karatasi za manila, nikaanza kuchora mistari upya, kwa rula.